Kanga ya Shemsa Haina Jina

Kizimkazi
6 Machi 1971

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima, nakula, nalala, sijakonda. Nimeyatanguliza hayo ili usiyatafute katikati ya mistari kama kawaida yako. Pamoja na barua hii dereva wa gari la huku atakuletea kitu kilichofungwa gunia. Tafadhali usikifungue mbele ya watu. Ni mimi.

Acha nikueleze. Mwalimu mkuu ameniongezea somo la kuchora, kwa kuwa niliwahi kujisemea mbele yake kwamba napenda rangi. Tumeletewa rangi za unga za kuchanganya na maji, na brashi chache. Nikaona kabla ya kuwafundisha watoto nijaribu mwenyewe. Nikamwomba Bi Wanu, mwenye nyumba ninayokaa, akae barazani nimchore akisuka ukili wake wa mikeka. Akanitazama kama niliyemwomba avue nguo. "Mwanangu," akasema, "mchora mtu ataambiwa siku ya kiyama akitie roho alichokichora. Mie s'taki kuwapo pale nangojea kutiwa roho na wewe." Nikaona maneno yake yana haki. Basi nikajichora mwenyewe. Roho ikitakiwa, nitatoa yangu.

Nimetumia kioo kidogo ulichonifungia nilipoondoka, na ubao wa sanduku la majani ya chai. Mama, nina miaka ishirini na mbili na nilikuwa siujui uso wangu. Siku zote kwenye kioo nilikuwa natazama wanja umekaa sawa, nywele zimelala, basi naondoka. Kujitazama ili ujichore ni kazi nyingine kabisa. Nimegundua jicho langu la kushoto ni dogo. Na lile kovu la chai moto kidevuni, ambalo wewe hulifunika kwa poda kila tukienda harusini, mwanzo sikulichora. Ubao ukawa na msichana yeyote tu wa mjini. Nilipolitia, nikajiona. Niliogopa kidogo, kisha nikafurahi sana.

Nimejichora na kanga yangu nyekundu, ila jina lake, yale maneno ya pindoni, sikuliandika. Mahali pa jina nimepaacha peupe. Nilijaribu mara kadhaa nikafuta. Maneno ya kiwandani si yangu, na yangu bado sijayapata.

Na ile posa ya Miraji, mtoto wa Bi Hija. Mama, nipe muda. Simchukii, ila simjui. Naomba ami Bakar asiwajibu chochote kabla sijasema mimi.

Mwanao,
Shemsa


Kiponda, Unguja Mjini
15 Machi 1971

Mwanangu Shemsa,

Marahaba. Mzigo umefika, na nimeufungua mbele ya watu, kwa kuwa dereva wako alibisha hodi saa ya kahawa na Bi Hija alikuwa ameshakaa na kikombe mkononi. Ulitaka nifanye nini, niukalie?

Nianze na lawama ili zituondoke. Pua umeipunja. Hiyo ni pua ya kwetu, bibi yako alitembea nayo mji mzima bila kuinama, wewe umeikata nusu. Halafu kwa nini huna wanja? Umekaa kama mtu aliyeitwa ghafla akatoka mbio jikoni. Na kovu hilo nimelipigania miaka yote kwa poda, leo unalipaka rangi watu walione vizuri.

Lakini walipoondoka nilikaa na picha peke yangu. Nikaona unanitazama kwa lile jicho unalonitazama nalo nikisema jambo usilolikubali na adabu imekuzuia kujibu. Hapo nikajua ni wewe, na sikuwa na haja ya kuulizia pua tena. Nimeitundika ukumbini, juu ya kabati. Bi Hija akasema malaika hawaingii nyumba yenye picha ya mtu. Nikamwambia picha ya marehemu mumewe ipo juu ya redio yake na sijasikia malaika wakilalamika.

Sasa shida ni kanga. Wewe unajua, hapa mtu akikupitia amejifunga kanga, unasoma kanga kwanza, uso baadaye. Bi Hija alisogea mpaka pua yake ikagusa ubao. "Jina liko wapi?" Nikasema hakuna. "Lipo," akasema, "kaliacha makusudi. Hilo jibu letu." Tangu siku hiyo wanakuja mmoja mmoja, huyu kuazima chumvi, huyu kurudisha sufuria niliyoisahau. Jirani wa juu ananuna. Anaamini pale palikuwa na neno juu yake ukalifuta kwa kunionea haya mimi. Kila mmoja kajisomea lake.

Basi niandikie jina lolote nimpelekee Bi Hija, moyo wake utulie. Na kuhusu posa, mwali akiulizwa akanyamaza, amekubali. Ndivyo tulivyoolewa sote na hakuna aliyekufa. Lakini kwenye kanga kunyamaza ni matusi. Sasa mimi nataka kujua, wewe umenyamaza wapi?

Mama yako,
Mwanapili


Kizimkazi
22 Machi 1971

Mama,

Shikamoo. Jina hakuna. Sijamficha Bi Hija kitu, wala jirani wa juu. Mwambie asinune, simfikirii kabisa.

Umeuliza nimenyamaza wapi. Sikunyamaza popote, Mama. Nafikiri. Mtu anayefikiri naye hufunga mdomo, na kwa nje hafanani na kitu kingine ila aliyenyamaza. Huku napenda kazi yangu. Asubuhi nikiingia darasani nasikia raha ambayo sijui nikuelezeje. Sijui kama Miraji angeniacha niendelee, na sijui kama mimi ningemtaka hata angeniacha. Hayo ndiyo ninayoyafikiri. Pakijaa maneno pale kwenye kanga, wewe utakuwa wa kwanza kuyasoma.

Nakuomba tena, msiwajibu.

Shemsa

Nimeongeza mistari hii tarehe 3 Aprili. Masika yamekata njia, gari halikuja huku siku zote hizi na barua ilikuwa mfukoni mwangu. Leo wanajaribu kupita.


Kiponda
4 Aprili 1971

Mwanangu,

Barua yako sijaipata, nadhani ni mvua. Usiwe na wasiwasi, mambo yametulia. Bi Hija amerudi kunywa kahawa, na safari hii kaja na visheti. Picha yako inasifiwa. Nilimpa Matar, yule fundi wa kuandika mabango, aipake vanishi isiliwe na unyevu, kaishughulikia vizuri.

Jana nimesimama foleni ya mchele mpaka adhuhuri nikarudi na unga wa muhogo. Ukipata samaki mkavu nitumie.

Mama yako,
Mwanapili


Unguja Mjini
18 Aprili 1971

Kwako Bi Shemsa,

Salamu. Mimi ni Miraji wa Bi Hija. Utanisamehe kukuandikia bila kupitia kwa wakubwa. Nilimwuliza mama, akasema sasa hapana ubaya, tumeshakuwa nyumba moja.

Jumapili nilimpelekea mama yako gunia la makaa nikaiona picha yako. Sikujua nitazame wapi. Maisha yangu yote nimekuona mara mbili tatu tu, na umo ndani ya buibui. Pale ukutani ulikuwa unanitazama usoni, na kovu umeliacha wazi. Mimi nina kidole hakikunjiki, nilikipiga nyundo nilipokuwa najifunza kazi. Nikiwa mbele za watu hukitia mfukoni. Siku ile nilitoka kwenu nikatembea mpaka nyumbani mkono uko nje, na wala sikukumbuka.

Kisha ile kanga. NIMEKUBALI KWA MOYO MMOJA. Sikutegemea neno zito namna ile, tena kutoka kwako mwenyewe. Ahsante. Nilikuwa naogopa kwamba umelazimishwa.

Mimi niko Michenzani, kwenye zile nyumba ndefu mpya, kikosi changu kinamwaga zege. Nimeomba jina langu litiwe kwa wanaotaka kukaa huko. Vyumba si vikubwa lakini madirisha ni makubwa, na nimefikiri mtu anayechora atapenda mwangaza. Wakubwa wamesema ndoa iwe kabla ya Ramadhani.

Wako kwa heshima,
Miraji


Kizimkazi
25 Aprili 1971

Bwana Miraji,

Salamu. Barua yako ni njema kuliko barua zote nilizowahi kuandikiwa, ndiyo maana naona tabu kuijibu.

Picha nimechora mimi. Uso ni wangu, na kovu ni langu. Maneno si yangu. Ubao ulipoondoka huku mahali pale palikuwa peupe. Sijakubali wala sijakataa, na nilimwandikia mama hivyo. Nina hakika umeyasoma maneno hayo kwa nia safi, na unayoyahisi sasa kwa sababu yangu yananiuma.

Naona aibu kukuambia. Ningenyamaza ningeona aibu kubwa zaidi.

Shemsa


Kizimkazi
25 Aprili 1971

Mama,

Nimepata barua ya Miraji. Nimejua vanishi ya Matar ilikuwa vanishi gani.

Jana nilianza kukuandikia nikaichana karatasi kwa hasira. Ningechora mnazi au jua ungeenda kumtafuta Matar auongezee maneno? Nilikuomba mara mbili msijibu. Wewe hukujibu kwa mdomo, umenivua kanga yangu ukaniandikia kifuani, ukanitundika ukumbini nisomwe. Kila anayeingia ananiona mimi, kwa uso wangu, na kovu langu, nikisema nisichokisema. Na yule mtu amefurahi, Mama. Amenipangia madirisha. Nani atamrudishia furaha yake?

Ubao ule si kitu kikubwa. Pua mbaya, rangi za watoto wa shule. Lakini lilikuwa jambo la kwanza nililolisema mwenyewe bila kumwuliza mtu, nalo umeniingilia katikati. Naomba unirudishie picha yangu.

Shemsa


Kiponda
3 Mei 1971

Mwanangu Shemsa,

Barua yako imekuja bila shikamoo. Nimeitikia marahaba hata hivyo.

Unayosema ni kweli, sina pa kujificha. Bi Hija alisema ataiondoa posa na kuwaambia watu kwamba binti yangu kamtukana kwa picha. Mimi mjane, naishi kwa hawa hawa wanaonibishia hodi. Ami yako naye akasema, "Mwambie aseme neno, lolote, tumechoka." Barua yako ilikuwa imekwama kwenye matope. Nikauchukua ubao nikaenda nao kwa Matar. Akaniuliza, niandike nini? Shemsa, wallahi nilisimama pale dukani nikakosa hata neno moja la kusema kwa niaba yako. Ndipo yeye akasema, "Basi ntatia 'Nimekubali kwa moyo mmoja', nshawaandikia maarusi wengi kwenye mapazia." Nikasema haya. Kwa hivyo hata si maneno ya mama yako. Ni ya Matar.

Ilipofika barua yako ya Machi, tayari Bi Hija alikuwa ameshakula visheti vyake. Nikaikunja nikaitia kabatini, nikajifanya mjinga.

Juzi nimeuteremsha ubao nikaufuta kwa kitambaa na mafuta ya taa. Maneno yametoka, na weupe wako umetoka nayo. Sasa pale pamebaki ubao mtupu, mpaka mishipa yake inaonekana. Uso sikuugusa. Nimeutundika palepale, na Bi Hija akija atauona.

Kuurudisha, sikurudishii. Najua ni wako. Nimeshauzoea. Ukiwa na hasira njoo uuchukue mwenyewe, nitapata na mimi kukuona.

Posa bado haina jibu. Safari hii neno lako nitalipeleka kama lilivyo, hata likinichoma ulimi.

Mama yako,
Mwanapili


Unguja Mjini
9 Mei 1971

Bi Shemsa,

Barua yako nilikaa nayo siku kadhaa. Sikukasirika, au nilikasirika kidogo yakaisha.

Nikuambie kweli na mimi. Ile J ya MMOJA niliijua siku ileile. Ina mkia uliojikunja kama wa paka, na kila asubuhi kazini napita chini ya bango la NJIA IMEFUNGWA alilolipaka Matar. Nilisimama ukumbini kwenu nikaiona ile J, nikajiambia pengine umemwomba yeye akuandikie kwa kuwa mkono wake mzuri. Nilitaka iwe hivyo, nikaamini.

Sasa nakuuliza mimi, si mama, si ami Bakar. Utakubali kuolewa na mimi? Kazi ya ualimu endelea nayo, sina neno, na kuchora pia. Ukisema ndiyo nitafurahi kuliko mara ya kwanza. Ukisema hapana nitamwambia mama mwenyewe na hakuna atakayekusumbua. Ukinyamaza nitajua bado unafikiri. Sitahesabu ndiyo.

Miraji


Kizimkazi
23 Mei 1971

Mama,

Shikamoo. Hii ya leo, na ile niliyokunyima.

Nimemjibu Miraji. Nimesema hapana. Nimeandika nikilia, Mama, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuniuliza kitu vizuri namna ile. Nilitaka kusema ndiyo kwa ajili ya vile alivyouliza tu. Nikachukua kioo nikajitazama kama ninavyojitazama nikichora, bila kujipamba, nikamfikiria amekaa kando yangu. Ni mtu mwema amekaa kando yangu. Zaidi ya hapo sikuona kitu. Nikaona nikikubali nitakuwa namshukuru kila siku, na mimi sitaki kuolewa ili nishukuru. Labda nitajuta. Nikijuta, majuto yatakuwa yangu.

Najua kesho wewe ndiwe utakayekutana na Bi Hija njiani, si mimi. Nisamehe kwa hilo.

Huku watoto wangu wanajichora. Vioo hatuna vya kutosha, wengine wanatumia maji kwenye beseni na pua zao zinatoka zimepinda. Wasichana wote wamejichora na kanga za mama zao, na wote wameniuliza waandike nini. Nimewaambia waache mpaka wapate. Bi Wanu alipita akatazama, akasema watoto wale wana kazi kubwa siku ya kiyama, kisha akakaa mpaka somo likaisha.

Mama, uliniandikia kwamba nyote mliolewa kwa kunyamaza na hakuna aliyekufa. Wewe ulinyamaza kwa nini? Sijawahi kukuuliza.

Mwanao,
Shemsa


Kiponda
17 Juni 1971

Mwanangu Shemsa,

Marahaba, na ile ya pili marahaba.

Neno lako nimelipeleka kama lilivyo. Ami yako kasema tatizo ni kule kukusomesha. Miraji alikuwa ameshamwambia mama yake kabla yangu, kwa hiyo nilipofika nilijibiwa na mlango. Tangu hapo Bi Hija akakata mguu kwangu. Saa ya kahawa nimekaa peke yangu na kikombe kimoja, na sikudhani ingeniuma, imeniuma. Miraji kaleta makaa kama desturi. Kasimama mbele ya picha yako, ule ubao mtupu pale kwenye kanga, kasema, "Sasa ndo yeye." Kisha kaniuliza kama nna haja ya kitu kingine, kaondoka. Mkono wake anaouficha siku zote ulikuwa nje ya mfuko.

Umeniuliza kwa nini nilinyamaza. Nimekasirika kwanza, nikasema mtoto huyu haachi kitu kikalala. Halafu nikafikiri.

Nilikuwa na miaka kumi na sita. Waliniketisha nyuma ya mlango, shekhe na mashahidi upande wa pili, wakaniuliza. Wakaniuliza tena. Sikuwa nakubali, Shemsa, na sikuwa nakataa. Nilikuwa nafikiri. Wakauliza mara ya mwisho, na mimi ndiyo kwanza nimeanza kulipata neno la kusema, nikasikia vigelegele. Marehemu baba yako alikuwa mtu mwema, hujanisikia nikimlalamikia na leo silalamiki. Lakini lile neno sikulipata tena. Hakuna aliyelihitaji.

Na mimi nimejichora. Ukicheka nitajua. Nimechana mfuko wa karatasi wa sukari, nikachukua wanja wangu na kijiti chake, nikakaa mbele ya kioo cha kabati mchana kutwa kama mwendawazimu, chakula kikaungua. Nilitaka kuchora huyu mtu mzima niliye sasa. Mashavu yametoka ya mtu mzima, na mikunjo sikuiibia. Lakini macho kila nikiyafuta na kuyarudia yanatoka ya yule msichana wa nyuma ya mlango, basi nikamwacha. Pua nimeitia yote. Kanga nimejifunga, na jina nimeandika mwenyewe, Matar hakuhusika. Nimeandika: NIULIZENI TENA.

Nimeibandika kando ya yako.

Jana saa ya kahawa nikasikia hodi. Bi Hija. Hakusalimu, na mimi sikumsalimu. Kaenda moja kwa moja mpaka ukutani, nikajua leo malaika watatajwa wote kwa majina. Kakutazama wewe kwanza, kisha mimi, kasogeza pua yake kwenye karatasi, kasoma.

"Ulikuwa na miaka mingapi?" kaniuliza.

"Kumi na sita."

Kaja kakaa mahali pake pa siku zote.

"Mie kumi na tatu," akasema.

Nikammiminia kahawa. Alikunywa mpaka mwisho na posa haikutajwa. Alipokuwa anavaa buibui mlangoni kaniuliza, wanja niliojichorea ni huu huu wa machoni au ni mwingine. Nikamwambia ni huu huu. Nikamtilia kidogo kwenye karatasi, akaondoka nao.

Mama yako,
Mwanapili